Kunde 98: kisa cha jicho la Mama Mkubwa

Mama Mkubwa ni dada toka nitoke wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Ana miaka 71. Anaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, kusini mwa jiji la Dodoma, mwendo wa saa tatu kwa basi barabara ikiwa nzuri. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho. Mgonjwa alikuwa wangu, elimu nilikuwa nayo, na bado wiki ya tatu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho lake lilirudi hospitali likiwa jekundu, linauma na limepoteza sehemu kubwa ya nuru iliyokuwa imerudi. Ameniruhusu nikiandike kisa hiki chote. Jina lake, la kijiji na la hospitali nimeyaacha.

Jicho la kulia ndilo lililotangulia. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa, mboni imekuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Aliweza kuhesabu vidole kwa umbali wa mita 1, basi. La kushoto lilikuwa bado linasoma 6/60, maana yake kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60, yeye hukiona akisogea mpaka mita 6. Miaka miwili nzima alikataa kuja. "Macho yanaisha tu, mwanangu, kama betri ya tochi," alikuwa akiniambia. Kilichombadilisha si maneno yangu. Alimwagia uji wa moto mkono wa mjukuu wake akidhani anamimina kwenye kikombe, na kesho yake akaomba apigiwe simu kwangu.

Kwetu Ugogoni mzee akija na mtoto wa jicho, kope zake nazo huchunguzwa. Vikope, ugonjwa ambao hospitali tunauita trakoma, vimeitesa Dodoma kwa vizazi; katika wilaya jirani ya Kongwa watafiti wamekuwa wakiufuatilia tangu miaka ya 1980. Ugawaji wa dawa ya azithromycin kijiji kwa kijiji umeupunguza sana, lakini wazee bado wanatembea na makovu ya utotoni mwao. Ukope uliogeukia ndani hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa, na jicho likiwa na mkato mpya, ukope huo huo huwa njia ya vijidudu. Mama Mkubwa alishafanyiwa upasuaji wa kope zamani. Daktari alizigeuza kope zote nne, akahakikisha hakuna unywele unaogusa jicho, akapima presha ya jicho, akaangalia mfereji wa machozi, tukapima na sukari. Yote yalikuwa salama.

Upasuaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Sindano ya ganzi pembeni mwa jicho, dakika zisizozidi 20, lenzi iliyochafuka ikatolewa na lenzi bandia ikawekwa mahali pake. Nitasema neno moja tu kuhusu mkato, kwa sababu ndio unaoeleza masharti yote ya baadaye. Ulikuwa wa milimita 6 hadi 7, kwenye sehemu nyeupe ya jicho, umechongwa kwa ngazi kama kizingiti, kiasi kwamba presha ya ndani ya jicho yenyewe huubana usivuje. Haukushonwa. Mtu akiinama kichwa kikawa chini ya kiuno, akinyanyua ndoo, akikohoa kwa nguvu au akilisugua jicho kwa kiganja, presha hiyo hubadilika ghafla na kizingiti kinaweza kufunguka. Mgonjwa akielezwa hivyo huelewa. Akiambiwa tu "usiiname" bila sababu, siku ya tatu utamkuta anafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa.

Asubuhi ya pili tulitoa bandeji. Akaitazama chati ya herufi E, akaonyesha kwa vidole mpaka mstari wa 6/18. Kisha akaacha chati, akainua mikono yake miwili, akaigeuza mbele na nyuma kwa muda mrefu. "Hii ndiyo mikono yangu?" Alikuwa hajaiona ikizeeka.

Siku saba za kwanza alikaa kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, na nilimwangalia kama yai. Matone niliweka mwenyewe. Usiku nilimfunika jicho kwa ngao ya plastiki iliyoshikwa kwa plasta, kwa sababu mkono wa mtu aliyelala haukumbuki masharti, akalalia ubavu wa kushoto. Alioga kuanzia shingoni kwenda chini. Uso nilimpangusa kwa kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, kutoka puani kwenda nje, bila kukandamiza. Kliniki ya siku ya saba ilikuwa nzuri. Siku ya nane akapanda basi na kurudi nyumbani, kwa sababu ilikuwa Juni, mtama ulikuwa umeshavunwa, na mwanamke wa Kigogo mwenye mtama uwanjani hakai mjini.

Nilimkabidhi chupa na maelekezo. Nakumbuka maneno yangu kama nilivyoyatamka pale stendi, huku kondakta akipiga ubavu wa basi: "Mama, tumia hii dawa kama nilivyokuwa nakuwekea, mara nne kwa siku, mpaka jicho lipone. Na kliniki ni baada ya wiki tano."

Siku ya 12 jicho likapona. Ndivyo alivyoona yeye. Haliumi, haliwashi, halitoi machozi, anawaona kuku mpaka mwisho wa uwanja. Nilikuwa nimemwambia atumie mpaka lipone, naye akaacha. Akafunga kizibo, akaiviringisha chupa kwenye kipande cha kanga, akaiweka darini.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi, na kila mara nafika palepale: hakukaidi. Alitii neno langu kama lilivyo. Sisi wa hospitali tukisema "mpaka upone" tunamaanisha mpaka siku ambayo sisi tutatamka kwamba umepona. Mgonjwa hana namna ya kulijua hilo. Yeye anapima kupona kwa maumivu, kama alivyopima kupona kidonda cha mguu au malaria tangu azaliwe. Na jicho lililopasuliwa ni kidanganyifu: maumivu huisha wiki ya kwanza, ilhali uvimbe wa ndani huchukua wiki nne mpaka sita kutulia. Katika chupa ile mlikuwa na dawa mbili zilizochanganywa, moja ya kuzuia vijidudu na nyingine steroidi ya kutuliza uvimbe. Steroidi ndiyo iliyokuwa inafanya jicho lihisi zima. Ukiikata ghafla, uvimbe uliokuwa umelazwa huamka. Ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo kama mtu anayeshuka ngazi: mara 4 kwa wiki mbili, mara 3 wiki ya tatu, mara 2 wiki ya nne, mara 1 wiki ya tano. Hospitali hutofautiana katika idadi, lakini ngazi ipo kila mahali. Pale stendi mimi nilimpa mgonjwa ngazi ya juu tu, "mara nne", na za kushukia nikazibakiza kichwani mwangu.

Baadaye, nilipomuuliza kwa utaratibu, alinitajia na sababu ya pili, ambayo ilinichoma zaidi. Alikuwa ameitikisa chupa akaiona nyepesi. Akawaza: jicho la kushoto nalo litapasuliwa, dawa ni ghali, wacha niibakize kwa ajili yake.

Hapo ndipo niliposhika kalamu. Hesabu hii ningeifanya kabla, naye asingeumia. Wiki mbili za kwanza ni matone 56. Ya tatu 21. Ya nne 14. Ya tano 7. Jumla 98. Chupa tuliyopewa ilikuwa ya mililita 5, na ukikadiria matone 20 kwa mililita, ina matone 100. Yaani katika wiki tano zote familia iliruhusiwa kumwaga matone mawili. Aliyekuwa akimwekea kijijini ni mjukuu wa miaka 12, binti makini sana, lakini hakuna mtu aliyemfundisha. Moja liliangukia shavuni, la pili ndilo likaingia. Isitoshe, matone mengi ya aina hiyo hayatakiwi kutumika zaidi ya wiki nne tangu kizibo kifunguliwe, kwa sababu mdomo wa chupa huchafuka. Mpango wa wiki tano na chupa moja haviwezi kukutana, hata mkono uwe wa malaika. Tulipewa chupa moja. Nami, ninayeshika chupa hizo kila siku, sikuhesabu.

Ya jirani ni mazito kuliko ya Mama Mkubwa, na sitaki yapite haraka.

Siku ya 10, wakati wa kupura mtama, jirani yake alikwaruzwa jicho na suke. Jicho likawa jekundu, linatoa machozi. Mama Mkubwa alikuwa na dawa ya macho ya hospitali ambayo imemrudishia nuru. Kumnyima jirani ingekuwa uchoyo, na yeye si mchoyo. Akamwekea matone yeye mwenyewe, siku mbili, kwa mkono wa upendo. Jirani alipata nafuu siku ya kwanza, kwa sababu steroidi hupunguza wekundu wa jicho lolote. Lakini kidonda cha kioo cha jicho kilichotokana na mmea huweza kuingiza kuvu, na steroidi inapowalaza askari wa jicho, kuvu hubaki shambani peke yake. Alipoletwa hospitali alikuwa na doa jeupe katikati ya kioo. Alitibiwa kwa wiki nyingi. Kidonda kilifunga, kovu likabaki, na kwa jicho hilo sasa anahesabu vidole.

Siwezi kuthibitisha kwamba bila matone yale jicho lingepona lenyewe. Michubuko ya mimea ni mibaya hata bila msaada. Lakini nimeona majeraha kama hayo yakitibiwa mapema na kufunga bila kovu kubwa, na ninaamini siku zile mbili za nafuu ya uongo zilimchelewesha. Familia nyingine zingemkamulia majani, au kumwekea maziwa ya mama, na huku kwetu hayo nayo yameharibu macho mengi. Tofauti ni kwamba majani tunayakemea kliniki kila Jumatatu, ila chupa ya hospitali inayozunguka kwa majirani hatuitaji hata siku moja. Hata duka la dawa muhimu la kijijini, mtu akiingia na chupa tupu kuonyesha jina, anaweza kuuziwa nyingine bila kuulizwa ni ya jicho la nani.

Maumivu ya Mama Mkubwa yalianza jioni ya siku ya 15. Akanyamaza siku nzima. "Mjukuu alisema uko zamu ya usiku, sikutaka kukusumbua." Simu ilikuja jioni ya siku ya 16, na aliyepiga ni binamu yangu.

"Dada, jicho la Mama limekuwa jekundu."

"Anaona?"

"Anasema kuna ukungu. Mwanga unamchoma, amejifunika shuka. Labda ni vumbi la mtama, tusubiri mpaka mnada Jumamosi, nitakuja naye."

Nilimwambia kwa ukali, na siujutii ukali ule, kwamba apande naye basi la saa kumi na moja alfajiri. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, mambo manne yakitokea hayasubiri mnada: maumivu yanayozidi, wekundu unaozidi, nuru inayopungua, usaha. La tano huonekana mara chache, nalo ni vimulimuli na pazia jeusi linaloteremka upande mmoja, ambalo huashiria kwamba utando wa nyuma ya jicho unabanduka. Hofu kubwa kuliko zote ni vijidudu kuingia ndani ya jicho. Hutokea kwa nadra, mara nyingi katika wiki ya kwanza, na jicho linaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Dawa yake huchomwa ndani ya jicho lenyewe, na kila saa inayopita hupunguza kinachoweza kuokolewa.

Kwa simu sikuweza kujua ni kipi. Hakuna anayeweza. Vijidudu na uvimbe wa kurudi hufanana sana kwa mtu asiye na darubini ya macho, na kosa ambalo sisi wahudumu wenye ndugu vijijini hulifanya ni kujaribu kutibu kwa kuulizana maswali. Swali la pekee lenye faida usiku ule lilikuwa: basi linaondoka saa ngapi?

Walifika siku ya 17 kabla ya saa nne asubuhi. Nuru ilikuwa imeshuka kutoka 6/18 mpaka 6/60. Daktari alimchukulia kama mwenye maambukizi mpaka alipojiridhisha vinginevyo: aliangalia mkato, umefunga, akatafuta usaha chini ya kioo, hakuna, akaangalia nyuma ya jicho, pako wazi, presha ya kawaida. Ila maji ya ndani ya jicho yalikuwa yamejaa chembe za uvimbe, kama vumbi ndani ya mwali wa jua unaopenya dirishani. Ulikuwa uvimbe wa kurudi. Alianzishiwa steroidi kila saa akiwa macho, na dawa ya kupanua mboni ili isigande kwenye lenzi mpya na ili maumivu yapungue. Alilala kwangu tena, akaonwa kila siku kwa siku tatu. Siku ya kumi ya matibabu jicho lilikuwa jeupe. Kliniki ya mwisho, akiwa na miwani, alisoma 6/12.

Kwa hiyo hasara yake ilikuwa wiki mbili za maumivu na nauli. Ya jirani ilikuwa jicho.

Kabla ya la kushoto nilichukua likizo ya siku nne nikaenda kukaa naye nyumbani, kuangalia siku yake ilivyo. Ningepaswa kuanza na hilo.

Saa kumi na mbili kasorobo anaingia jikoni. Jiko ni la mafiga, kuni mbichi nusu. Anapiga magoti, anainamisha kichwa mpaka karibu na majivu, anapuliza. Moshi, joto, kuinama, vyote kwa pumzi moja, na hivyo ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu siku ya nane, kwa sababu nilimkataza "kazi nzito" na kuwasha moto si kazi nzito. Akimaliza anajipangusa machozi kwa pindo la kanga, lilelile analofutia mikono na pua ya mtoto. Kisha anakaa kivulini na kuvuta ugoro. Ugoro unampigisha chafya tatu nne mfululizo, na kidole kilichoshika ugoro ndicho kinachokwenda kukuna kope. Mchana upepo wa kiangazi unainua vumbi jekundu mpaka huoni mbuyu ulioko upande wa pili wa barabara. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwa kwenye karatasi yetu ya maelekezo, ambayo inakataza kuogelea.

Tulikaa uwanjani, yeye, binamu yangu, mkewe na yule mjukuu, tukagawana kazi. Mke wa binamu akachukua moto wa asubuhi kwa wiki nne. Ugoro ulikuwa mgumu. Hakuahidi kuuacha, aliahidi kuusimamisha kwa wiki mbili na akatimiza, ingawa alilalamika kila siku. Tulichana shuka la zamani la pamba vipande kumi, tukavichemsha, tukavianika juani, tukavifunga kwenye mfuko safi: cha kupangusia jicho ni hicho, kikitumika kinakwenda kufuliwa. Miwani myeusi ya kuzuia vumbi na jua, kila anapotoka nje. Chakula hakina sharti. Majirani walimwambia aache mlenda. Nikawaambia wamwache ale mlenda wake na ugali wake wa uwele, na maji anywe ya kutosha pamoja na matunda, maana anayejikamua chooni anasukuma presha ya jicho sawasawa na anayenyanyua gunia.

Mjukuu nilimfundisha kwa maji safi kwenye chupa tupu, akafanyia mazoezi kwenye kiganja changu kwanza. Osha mikono kwa sabuni. Bibi alale chali mkekani, atazame dari. Vuta kope ya chini kwa kidole mpaka itokee mfuko mdogo. Chupa isimame juu ya jicho bila kugusa kope wala ukope. Tone moja. Kisha bibi afumbe taratibu, bila kukaza, na mjukuu abonyeze kidogo kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie puani na kooni. Mara ya kwanza matone matatu yaliangukia shavuni. Jioni ya siku ya pili hakukosa hata moja. Nilitamani ningekuwa na mtoto huyu katika kila nyumba ya mgonjwa wangu.

Chupa hukaa kwenye kikombe chenye mfuniko, karibu na mtungi wa maji ambako ndani ya nyumba ndiko kwenye ubaridi. Isiwekwe darini, bati la Dodoma mchana huoka.

Halafu kuhesabu. Mama Mkubwa hakusoma, na kalenda ya ukutani kwake ni picha tu. Nilihesabu kunde 98 nikazitia kwenye kikombe cha bati. Kila tone likiingia jichoni, kunde moja inatoka kwenye kikombe na kwenda kwenye kibuyu. Mjukuu alichora kwa mkaa ukutani mistari ya kila wiki: minne, minne, mitatu, miwili, mmoja. Nyakati tulizifunga kwenye mambo yaliyopo: kabla ya uji, watoto wakirudi kula mchana, kuku wakiingia bandani, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nikamwambia sentensi moja tu, nikamwomba airudie: "Dawa inaisha kunde zikiisha. Jicho likisema limepona, usilisikilize."

Jicho la kushoto lilipasuliwa Oktoba. Safari hii niliomba chupa mbili, nikaeleza hesabu yangu, na daktari akaandika mbili bila kubishana. Chupa ya kwanza ilimwagwa siku ya 28 ikiwa bado na dawa kidogo ndani. Alinipigia kabla ya kuimwaga.

"Mwanangu, imebaki. Kweli niitupe?"

"Kweli, Mama. Mwaga chooni, chupa ichomwe."

"Na jirani akiniomba?"

"Mpe nauli."

Akakaa kimya kidogo. "Nitamsindikiza mwenyewe," akasema.

Wiki ya sita alisoma 6/12 kwa jicho la kushoto. Lenzi bandia haijikunji kama ile ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo vya karibu anahitaji miwani ya kusomea hata asiyejua kusoma; anaitumia kuchambua mawe kwenye nafaka na kutunga uzi kwenye sindano. Nilimweleza pia kwamba baada ya miezi au miaka utando ulio nyuma ya lenzi unaweza kufifia na ukungu ukarudi, kwamba huo si mtoto wa jicho mwingine, na kwamba hufunguliwa kwa mionzi ya leza bila kisu.

Mwanzoni mwa Desemba, mawingu ya masika ya kwetu yakijikusanya na watu wakinoa majembe, nilikwenda kumsalimia. Kikombe cha bati kilikuwa kimepinduliwa juu ya kinu. Nikauliza kunde ziko wapi. Mjukuu akaniambia bibi alizipika siku kunde ya mwisho ilipotoka, na aliyeitwa kuja kula pamoja nao ni jirani.